Sahani za Makaburini, Vyungu vya Uani

Ukitaka kuona onyesho kongwe la vyombo vya kauri kaskazini ya Dar es Salaam, huna haja ya kuulizia ni ukumbi gani umefungua milango mwisho wa wiki hii. Nenda makaburini. Kunduchi, si mbali na ufuo wenye mahoteli, yapo magofu ya msikiti na makaburi yaliyojificha chini ya mibuyu. Baadhi ya makaburi hayo yana nguzo za mawe ya matumbawe na chokaa, na kwenye nguzo hizo wenyeji wa zamani walipachika mabakuli na sahani kutoka China. Walizipachika uso ukitazama nje, ili kila apitaye azione na ajue kwamba aliyelala hapo hakuwa mtu wa hivi hivi.

Siku hizi utaona mashimo mengi kuliko sahani. Kila shimo la mviringo ni mahali palipong'olewa chombo, na ukitaka kumjua aliyeking'oa, jiulize nani angekihitaji. Mama ntilie hapakulii wali kwenye bakuli la karne ya 16 lenye chokaa mgongoni. Mwenye kulitaka ni mpenda vitu vya kale, mtu mwenye kabati la vioo sebuleni na rafiki wa kumwonyesha. Kwa maneno mengine, mtu kama sisi.

Wakusanyaji wa vyombo vya udongo Dar es Salaam tu wachache, na karibu wote tunajuana. Yumo mpima ardhi mstaafu ambaye hawezi kupita mtungi bila kuugonga kwa kidole na kutega sikio. Yumo bi mkubwa wa asili ya Tanga aliyerithi kabati zima la sahani za bibi yake na ambaye bado anazipakulia wageni, jambo linalotutia wengine jasho. Yumo kijana msanifu majengo asiyenunua ila kazi za wafinyanzi walio hai. Sisi wengine hutuita wachimba makaburi, kwa utani ambao nusu yake si utani. Nafasi ikipatikana tunajibana kwenye gari moja na kushika Barabara ya Bagamoyo: Mwenge, Tegeta, Bunju, kisha Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo. Ni safari ya kama kilomita 65, na sehemu ngumu ni kutoka mjini.

Kituo cha kwanza huwa Kunduchi, na hapo mpima ardhi ndiye mwalimu. Somo lake ni fupi. Udongo wa chungu cha nyumbani huiva kwa moto wa kuni wa nyuzi kati ya 600 na 900 za Selsiasi. Unabaki na vinyweleo, ndiyo maana mtungi hutoa jasho na kupoza maji. Kauri halisi ya Kichina hutengenezwa kwa udongo mweupe wa kaolini na kuchomwa kwa nyuzi 1,280 na zaidi, mpaka udongo unashikamana kabisa: maji hayapenyi, mwanga unapenya, na ukiigonga inalia. Ile ya buluu na nyeupe kutoka Jingdezhen, katika mkoa wa Jiangxi, ilichorwa kwa brashi kwa rangi ya kobalti kabla ya kupakwa utando wa kioo. Ukitazama kwa makini utaona mahali brashi ilipokolea na mahali ilipokaribia kukauka. Sahani ya kiwandani ya karne ya 19 mara nyingi haina habari hizo. Ua lake ni lile lile kila upande, maana limepigwa chapa.

"Ukipewa bakuli," mzee husema, "usilitazame uso. Ligeuze ulitazame makalio." Pale chini, kwenye ukingo usiopakwa utando, ndipo mfinyanzi alipoacha siri zake: chembe za mchanga wa tanuri, alama ya kisu, rangi halisi ya udongo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mzee wetu huinama kweli, miwani mkononi, mbele ya nguzo ambayo chombo chake kimebaki kipande tu. Hagusi. Hilo ndilo sharti la kwanza la safari zetu, na tuliliweka baada ya mabishano marefu: makaburini tunatumia macho, mikono inakaa mifukoni.

Wapo watakaouliza kwa nini Waswahili waliweka sahani kaburini. Jibu rahisi ni fahari. Chombo cha China kilikuwa ghali, na mwenye nacho alitaka kijulikane. Lakini fahari haimalizi habari. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate ukuta wa chumba cha ndani ulijengwa zidaka safu juu ya safu, na mabakuli na sahani vilipangwa humo kwa uzuri wake na pia kwa kinga. Kuna watafiti walioelezwa na wenyeji kwamba jicho la hasidi likiingia nyumbani hukivaa kwanza chombo kile kinachong'aa. Kikipasuka, mwenye nyumba amesalimika. Mahali pengine, huko Uajemi na Uarabuni, watu waliamini kuwa bakuli la kijani la China hubadilika rangi likitiwa sumu. Chombo chenye sifa kama hizo si ajabu kumfuata mwenyewe hadi kaburini. Desturi yenyewe imeenea mwambao mzima. Mambrui, kaskazini ya Malindi, lipo kaburi la nguzo lililopambwa kwa mabakuli ya enzi ya Ming, na Tongoni, kusini ya jiji la Tanga, ipo jamii kubwa ya makaburi ya nguzo, mengi yake yameanguka na vyombo vyake vimekwenda.

Kutoka Kunduchi hadi Kaole tunanyamaza kidogo. Kaole iko kilomita chache kusini ya mji wa Bagamoyo, na ilikuwa bandari kabla Bagamoyo haijawa na jina. Msikiti wake wa kale ni wa karne ya 13. Mikoko ilijaza ufuo, majahazi yakahamia kwingine, na mji ukabaki na makaburi yake, kisima chake na mbuyu wake ambao kila mwongoza wageni ana hadithi yake kuuhusu. Neville Chittick, mhifadhi wa mambo ya kale wa Tanganyika, alifanya kazi hapa mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadhi ya vyombo vilivyokuwa kwenye makaburi viliondolewa ili vihifadhiwe katika makumbusho, na pale pale magofuni kipo chumba kidogo cha maonyesho chenye magae ya Kichina na ya Kiislamu.

Chumba kile nakipenda kuliko kumbi nyingi kubwa. Hakina taa za kupendezesha. Lakini humo macho yanajifunza upesi, kwa kuwa vitu ni vichache na vimekaa karibu karibu. Vipo vipande vya seladoni, ile kauri ya kijani iliyotoka hasa katika matanuri ya Longquan, mkoani Zhejiang. Ukijani wake hautokani na rangi ya kupaka. Ni chuma kidogo sana kilichomo kwenye utando, kilichochomwa katika tanuri lililonyimwa hewa; hewa ikiingia nyingi, chombo kile kile hutoka cha manjano au kahawia. Mfinyanzi wa Longquan hakuwa na kipimajoto. Alitazama rangi ya moto.

Hapa ndipo watu hupenda kutaja Zheng He, amiri wa China, na merikebu zake kubwa za mwanzo wa karne ya 15, zilizofika hadi Malindi. Ni habari ya kweli na ni tamu, hasa ukiongeza twiga aliyepelekwa kwa mfalme wa China mwaka 1415. Ila vyombo vingi vya China havikuletwa na Wachina. Vilipita mikono mingi: kwanza Bahari ya China Kusini, halafu bandari za India, halafu Siraf na baadaye Hormuz katika Ghuba, ndipo vikapakiwa kwenye majahazi yaliyoshuka na kaskazi. Pamoja navyo vilikuja vyombo vya Waislamu wenyewe: mitungi mikubwa ya samawati kutoka Iraki na Uajemi, mabakuli ya manjano yenye michoro myeusi kutoka Yemeni, na baadaye vyombo vya kahawia vya Bahla, Omani, mji ambao hadi leo unajulikana kwa wafinyanzi wake. Anayeziita sahani hizi zote "za Kichina" anawanyima watu wengi haki yao.

Mwaka 1955 mwanaakiolojia maarufu wa Uingereza, Mortimer Wheeler, alitembelea pwani hii na visiwa vya Kilwa. Akashangazwa na wingi wa magae ya kauri chini ya miguu yake, hata akasema kwamba historia ya Tanganyika tangu karne ya 10 imeandikwa kwa vyombo vya Kichina. Kauli hiyo imerudiwa mara nyingi, na sisi wakusanyaji tuliipenda mno kwa sababu ilitupa heshima: kumbe kabati zetu ni maktaba. Lakini tazama takataka zenyewe zinazochimbuliwa. Katika machimbo ya miji ya kale ya pwani, magae yaliyotoka ng'ambo huwa machache sana. Zaidi ya tisa katika kila kumi ni vyungu vya hapa hapa, vilivyofinyangwa na watu wa hapa hapa, vikapikiwa samaki na mtama, vikavunjika, vikatupwa. Wheeler alikuwa na macho makali, ila yalivutwa na kinachong'aa.

Waliokuja kusahihisha ni wale waliokubali kuinamia magae mekundu yasiyo na mng'aro. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1994, alifuata vyungu vyenye michoro ya pembetatu zilizochanjwa shingoni, vya kati ya karne ya 6 na ya 10, pwani na bara yake. Miongoni mwa maeneo aliyochimba ni Mpiji na Kiwangwa, ambayo msomaji wa leo anaijua kwa mananasi. Alichoonyesha ni kwamba watu waliojenga miji ya pwani walikuwa wakulima na wafua chuma wa Kiafrika, na ushahidi umo kwenye vyungu vyao. Yaani hoja nzito kabisa kuhusu nani alianzisha ustaarabu wa Waswahili imeamuliwa, kwa sehemu kubwa, na vyombo ambavyo hakuna mkusanyaji hata mmoja aliyewahi kuvitaka.

Kijana wetu msanifu majengo huipenda sana hoja hii.

Bagamoyo mjini tunapita kwa mwendo wa mtu anayejua anachokitafuta. Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani, jumba la makumbusho la Misheni ya Wakatoliki waliofika mwaka 1868, yote hayo yana waandishi wake. Sisi tunatafuta karne ya 19 ya jikoni. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyoishia hapa ilileta fedha, na fedha ilileta sahani za Ulaya. Ndizo zile za bi mkubwa wetu wa Tanga: nyeupe, nene, zenye maua mekundu na kijani yaliyopakwa kwa mkono au kwa sponji, na chini mhuri wa Maastricht, Uholanzi, wa kiwanda cha Petrus Regout. Viwanda vile vilijua soko. Vilitengeneza kwa ajili ya watu wa Bahari ya Hindi rangi zilizokolea ambazo labda mnunuzi wa Amsterdam asingezitaka, na wake wa mashamba ya karafuu Unguja wakazipokea kwa mikono miwili. Wakusanyaji wakubwa huzidharau kwa sababu si za kale sana wala si za China. Mimi naona ni kosa. Hakuna chombo kingine kinachoonyesha wazi hivyo jinsi mwanamke wa pwani alivyochagua mwenyewe anachokipenda, hata kiwanda cha mbali kikalazimika kumfuata.

"Bibi alikuwa nazo kumi na mbili," bi mkubwa hutuambia kila mara. "Nyingine tulizivunja sisi watoto. Sasa nyie mnazitazama kama Msahafu."

Mchana tunaacha lami. Nje ya mji, katika vijiji vya Wakwere, Wazaramo na Wadoe, bado wapo wanawake wanaofinyanga, ingawa lazima uulize, tena uulize kwa adabu. Hawana bango. Karakana ni uani, chini ya mwembe au kibandani pembeni ya jiko. Mwenyeji wa mara yetu ya mwisho alikuwa bibi mwenye wajukuu, na hakutupa muda wa kujinadi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kununua au kupiga picha?"

Tulikuwa tumekuja kwa yote mawili, na alijua. Akatuketisha kwenye mkeka akaendelea na kazi. Udongo alikuwa amekwisha kuuchimba bondeni, ameuloweka, ameuponda na kuuchanganya na mchanga laini ili chungu kisipasuke motoni. Alichukua donge, akalitia ngumi katikati, akaanza kuvuta kuta juu. Hapakuwa na gurudumu. Chungu kilitulia chini na yeye ndiye aliyekizunguka, ameinama, hatua ndogo ndogo za kurudi nyuma, kiganja kimoja ndani na kimoja nje. Kuta zikapanda. Akaongeza mkunjo wa udongo, akaunganisha kwa vidole, akakwangua kwa kipande cha kifuu mpaka alama za vidole zikapotea. Mdomo wa chungu aliusawazisha kwa kitambaa kibichi, mzunguko mmoja usio na kigugumizi. Mpima ardhi wetu, aliyepima nusu ya mkoa huu kwa darubini, alitoa utepe mfukoni akapima kipenyo pande mbili. Akaurudisha mfukoni kimya kimya, akatikisa kichwa.

Kilichokaribia kukauka husuguliwa kwa kokoto laini hadi king'ae, kisha hukaa kivulini siku kadhaa. Jua likikiwahi, kimeharibika. Kuchoma hufanywa siku isiyo na upepo. Vyungu hupangwa chini juu ya vipande vya kuni, hufunikwa kwa makumbi ya nazi, makuti makavu na kuni nyingine, moto ukatiwa. Joko la namna hii halina ukuta, kwa hiyo halina huruma: katika muda mfupi linapanda joto kali, na chombo chenye kiputo cha hewa hupasuka kwa mlio unaosikika nyumba ya pili. Panapogusana kuni na chungu hubaki doa jeusi. Katika majumba ya sanaa ya Ulaya doa hilo huongeza bei. Hapa hupunguza, kwa kuwa mpishi anataka chungu chenye rangi moja.

Tuliuliza kuhusu wateja. Mtungi wa maji umeuawa na ndoo ya plastiki na friji, alisema. Chungu kimepona kidogo kwa sababu maharage na samaki wa nazi wa chunguni wana ladha yao, na watu wa mjini wamelikumbuka hilo. Vyetezo vya ubani na udi vinatoka, hasa arusi zikikaribia. Waganga nao huagiza vyao, vidogo, na hawapatani bei. Shida kubwa si wateja. Bonde alilokuwa akichimba udongo tangu enzi za mama yake limepimwa viwanja na kuzungushiwa uzio, na sasa anatembea mbali zaidi kufuata udongo ambao, kwa maelezo yake, "haushikani vizuri, una chumvi." Kuni nazo zina bei. Mjukuu wa kike aliyeketi karibu alikuwa akitazama simu. Nilipomuuliza kama anajua kufinyanga, bibi alijibu kwa niaba yake. "Anajua. Hataki."

Kijana msanifu majengo aliinua chungu kimoja, akakigeuza kama alivyofundishwa.

"Bibi, mbona huweki jina lako hapa chini?"

"Jina la nini? Wanaonunua wananijua. Halafu nikiandika, kikipasuka jikoni kwa mtu atajua wa kumtukana."

Tulicheka wote, yeye zaidi. Lakini njiani jibu lile lilitusumbua, kwani katika soko la sanaa jina ndilo linalouzwa. Mfano ulio karibu nasi ni Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kuishi sehemu ya utoto wake Mombasa. Alikwenda Uingereza kusoma mambo ya sanaa, na mwaka 1974 akaenda Abuja, Nigeria, katika kituo cha ufinyanzi alikokuwa akifanya kazi Ladi Kwali, bingwa wa mitungi ya Kigwari. Huko alijifunza kile kile tulichokiona uani kwa bibi: kujenga kwa mkono bila gurudumu, kukwangua kwa kibuyu, kusugua chombo mpaka king'ae bila utando wowote wa kioo. Tanuri lake ni la gesi. Chombo huchomwa kwanza kwa hewa ya kutosha kikatoka cha rangi ya chungwa, na akitaka cheusi hukichoma tena kwa moto ulionyimwa hewa. Vyombo vyake vimo katika makumbusho makubwa ya Uingereza na Marekani, na mwaka 2020 alipewa heshima ya Dame. Bibi wa Bagamoyo hajawahi kumsikia. Wangekutana, wangeelewana kwa mikono kabla ya maneno.

Sisemi kwamba kila chungu cha uani ni kazi ya Odundo. Tofauti ipo: yeye hutengeneza kimoja kwa miezi, kisichokusudiwa kutiwa chochote, bibi hutengeneza vingi, na chungu kisichopikika kwake ni hasara. Nasema tu kwamba pengo la ustadi si kubwa kama pengo la bei, na hapa kwetu hakuna anayejishughulisha kupima. Mnunuzi wa sanaa Dar es Salaam amezoea picha za Tingatinga na vinyago vya Kimakonde. Ukienda Nafasi Art Space, Mikocheni, iliyoanza mwaka 2008 na ambayo wasanii wake wanafanya kazi ndani ya makontena, utakutana na wachoraji wengi wazuri. Udongo ni wa kubahatisha. TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, imeipa nchi hii wapiga ngoma, waigizaji na wachoraji wasiohesabika. Tamasha lake la kila mwaka hujaza mji. Ningetamani kuona katika tamasha hilo, katikati ya ngoma na maigizo, joko likiwashwa hadharani na mabibi wa vijiji vya jirani wakilipwa kuwa walimu. Uganda wametutangulia: Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937, ufinyanzi ni somo la chuo kikuu, na mtu kama Bruno Sserunkuuma anajulikana kwa vyombo vya udongo vyenye michoro ya maisha ya kwao. Nasi tunao Wakisi wa Matema na Ikombe, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, na wanawake wa Usangi kule Upare, ambao vyungu vyao hufika masoko ya mbali. Wote wanauza kwa bei ya sufuria, pengine chini yake.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Sisi wanunuzi tunachangia. Nimewaona wakusanyaji, na baadhi ni marafiki zangu, wanaolipa bila kuuliza katika duka lenye kiyoyozi, kisha wakifika uani wanabishana na mwanamke mwenye umri wa mama yao mpaka amewaachia kwa nauli ya bodaboda. Katika kundi letu sasa tumekubaliana: anachotaja mfinyanzi ndicho kinacholipwa. Anayeona ghali aache.

Kuna jambo la sheria pia, na nalisema kwa sababu wengi hulikwepa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeuweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa vitu vya kale vinavyolindwa, na kuchimba, kuondoa au kupeleka vitu hivyo nje ya nchi kunahitaji kibali. Gae la seladoni uliloliokota ufukweni Kaole baada ya maji kupwa halikuwa "limetupwa". Likiwa mahali pake, mtaalamu anaweza kulisoma pamoja na mkaa, mifupa na magae ya udongo yaliyolala nalo. Likiwa kwenye sinia lako la funguo, limebaki pambo, na ukurasa uliotoka nalo haurudi. Wale vijana wanaomfuata mgeni magofuni na kiganja cha vigae vya kuuza watakoma siku wanunuzi watakapokoma, si kabla.

Kwa msomaji anayetaka kufuata njia hii, ushauri wangu ni kuanza mjini. Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940, yana vyombo vya Kilwa vitakavyokupa macho ya kutazamia magofu. Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara ile ile ya kwenda Bagamoyo, kitakuonyesha vyungu mahali pake, ndani ya nyumba za makabila. Kisha Kunduchi asubuhi na mapema, jua likiwa bado pembeni, kwani michoro ya nguzo huonekana vizuri kwa kivuli. Kisha Kaole. Mwenye nafasi zaidi aendelee hadi Tongoni, na hata Fort Jesus, Mombasa, kunakohifadhiwa vitu vilivyotolewa katika merikebu ya Kireno ya Santo António de Tanna iliyozama pale mwaka 1697. Lakini usirudi bila kuingia ua mmoja wa mfinyanzi. Piga hodi, amkia, keti, lipa. Muulize jina lake na la aliyemfundisha, uyaandike pamoja na kijiji na tarehe kwenye karatasi, na karatasi hiyo ikae ndani ya chungu siku zote. Nusu ya vyungu vilivyomo katika kabati za wakusanyaji, na vingi vilivyomo katika makumbusho, vimeandikwa kabila na wilaya tu, kana kwamba wilaya hufinyanga.

Na kama nyumbani kwenu kuna bakuli lenye chokaa mgongoni ambalo hakuna anayetaka kusema lilitoka wapi, lipelekeni Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert.